Kwanza Tumjue, Kisha Tuamue: Juu ya Bata Mgeni Katika Mpunga



Kila msimu, mpunga ukianza kutoa masuke, sisi wa huku Bonde la Ruzizi tunaingia vita na ndege. Wale wadogo wanashuka kwa makundi kama wingu, na watoto wetu wanakaa shambani tangu asubuhi wakipiga makopo. Wengine wanapoteza hata masomo. Hayo tumeyazoea. Lakini msimu uliopita alikuja ndege mmoja ambaye hatukumzoea, na yale yaliyotokea kati yetu ndiyo yametusukuma sisi wa komite kuandika katika jarida hili.

Asubuhi moja kijana mlinzi alifika mbio kwa prezida wetu. Akasema: "Baba prezida, kuko bata moja mukubwa mu mupunga, pale karibu na mufereji. Haiko ya kwetu. Tangu nizaliwe siyayiona bata ya vile!"

Tulipokutana chini ya mwembe, tayari kulikuwa maneno manne. Vijana walisema: "Tuitege, tuikule. Ile ni nyama ya siku mbili." Mzee mmoja akakataa. Kwa maoni yake, ndege asiye na jina hakuja bure, labda ametumwa. Mwanamemba wa tatu alikuwa na dawa ya punje nyumbani, ile ya kuua wadudu wa udongo. Akasema: "Nachanganya na mahindi leo magaribi, kesho asubui tunaiokota." Na mama mmoja mfugaji akasimama kwa hasira: "Musiiguse! Ile ni dume yangu, imepotea tangu siku ya soko. Mutu akiiua, atanilipa."

Ndugu, mwaona? Ndege ni yule yule mmoja. Kwa huyu ni nyama, kwa huyu ni uchawi, kwa huyu ni mwizi, na kwa huyu ni mali ya nyumba. Na katika wote wanne, hakuna hata mmoja aliyekuwa amekaribia kumwangalia vizuri. Kidogo tu tungegombana, tungetia sumu kwenye maji, au tungelishana kitu kibaya, na yote hayo juu ya ndege ambaye hatukujua jina lake.

Wazo letu ni fupi. Ndege mgeni akionekana, kazi ya kwanza ni kumtambua. Kumuua, kumla, kumfukuza au kumwacha, hayo yafuate nyuma. Tunajua kuna watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya watu wa parki na wazungu wenye darubini. Sisi tunasema ni kazi ya mkulima, kwa sababu hasara ya kukosea inamwangukia mkulima.

Turudie mambo yetu. Tulituma watu wawili, yule mama na yule kijana, waende polepole na telefoni, wapige foto bila kumshtua. Walirudi na foto tatu. Mama aliziangalia kwa muda mrefu, kiisha akasema: "Yangu iko na miguu mifupi. Hii haiko yangu." Maneno hayo machache yalizima ugomvi ambao ungeweza kufika kwa shefu wa lokalite.

Mama alikuwa na haki ya kukosea. Bata tunayefuga wengi wetu, yule mwenye ngozi nyekundu yenye vinundu kuzunguka macho, asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Dume lake linaweza kuwa jeusi lenye kung'aa kijani, na weupe kwenye mabawa. Ndege wetu wa mpunga naye alikuwa mweusi wa kung'aa, na uso mwekundu. Kwa mbali wanafanana sana. Kwa karibu, hapana. Wa nyumbani ana miguu mifupi na mwili uliolala karibu na ardhi. Yule wa pori alikuwa na miguu mirefu ya rangi nyekundu, shingo ndefu, mdomo mrefu mwekundu usio na vinundu, na tumbo lenye weupe. Tena katika foto ya tatu alikuwa amefungua bawa, na pale bawa linapokunjika kulionekana mwiba, kama ule wa mguu wa jogoo.

Mwiba huo ndio ulitupa jina. Ni bata bukini mwenye mwiba, ambaye veterineri wetu anamwita kwa Kifaransa oie-armée de Gambie. Ndiye mkubwa kupita mabata na mabukini yote ya pori ya Afrika. Dume linaweza kufika kilo 6, na mabawa yakifunguliwa yanaweza kufika meta 2. Anaishi kwenye vinamasi, mito na maziwa katika sehemu kubwa ya Afrika kusini ya Sahara. Anakula majani, mbegu na nafaka, na anapenda kutoka majini kwenda malishoni asubuhi mapema na jioni. Hakutumwa na mtu. Alifuata maji na mbegu.

Yule mzee aliyesema ni alama mbaya, tulimwonyesha foto. Akacheka, akasema: "Ah! Hii tulikuwa tunaiona mingi wakati tulikuwa watoto, mbele kinamasi kilimwe." Basi vijana ndio hawakuwa wamemwona. Tulipogeuza kinamasi kuwa mashamba tulipata mpunga, na yeye akapoteza makao. Tusishangae akirudi siku moja kuangalia.

Sasa tuseme juu ya nini kulijua jina kuna faida. Tunaona sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni sahani. Vijana wetu walitaka nyama. Lakini huyu bata mwenye mwiba mara nyingine anakula wadudu fulani wenye gamba gumu, wale ambao ukiwaponda kwenye ngozi unapata malengelenge. Wadudu hao wana sumu kali, na sumu hiyo inakaa ndani ya nyama ya ndege bila kumdhuru yeye mwenyewe. Jambo hili limeandikwa hasa kutoka Gambia. Miligramu 10 tu za sumu hiyo zinaweza kuua mtu mzima, na kupika hakuiondoi. Hatusemi kila bata wa aina hii ana sumu. Tunasema kwa macho huwezi kujua yupi anayo na yupi hana. Je, nyama ya siku mbili inatosha kuweka maisha ya watoto rehani?

Sababu ya pili ni ile dawa ya punje. Hapa tunaomba msituchokee, maana jambo hili limeshatuumiza. Misimu miwili iliyopita, mtu mmoja katika mashamba ya jirani alitega mahindi yenye dawa. Ndege wa pori walikufa, ndiyo. Lakini walikufa pia mabata ya nyumba tatu na mbwa mmoja, na mfereji ule ule ndio mama zetu wanachotea maji ya kufulia. Mpaka leo nyumba mbili kati ya hizo hazisalimiani na yule mtu. Sumu haichagui. Punje ya mahindi haijui kama anayeiokota ni bukini wa pori, kuku wa jirani au mtoto anayetambaa.

Na si kwetu tu. Huko Bunyala, magharibi ya Kenya, katika mashamba ya mpunga kama haya yetu, wawindaji walitumia dawa ya wadudu iitwayo karbofurani kuua ndege wa maji, kiisha wakauza nyama yao kwa watu. Mnunuzi anaona ndege mnono, haoni kilichomuua. Tukikubali mtindo huo hapa, siku moja sisi wenyewe tutanunua sokoni sumu iliyotoka dukani kwetu.

Sababu ya tatu ni ugonjwa. Mwaka 2017 mafua ya ndege ya aina ya H5N8 yalithibitishwa katika nchi yetu, huko Ituri, kandokando ya Ziwa Albert, na yaliua mabata na kuku wa wafugaji. Ndege wa maji wa pori wanaweza kubeba ugonjwa huo na kuuacha majini na malishoni. Ndege mgeni ambaye anasimama sawa, anakula, anaruka, huyo mwangalie tu. Lakini ukikuta bukini au bata amepinda shingo, anazunguka pahali pamoja, hawezi kuruka, au ukikuta wengi wamekufa pamoja, hapo usiguse kwa mikono, usiokote, usiuze, usimpe mbwa. Zuia watoto, funga kuku na mabata yako nyumbani, na mwambie veterineri siku ile ile. Ukimweleza ni ndege wa aina gani, wangapi, na wapi, anajua pa kuanzia. Ukimwambia tu "kuko bata zinakufa", atapoteza siku nzima akiuliza.

Hata hivyo, kutoweza kuruka si ugonjwa kila mara. Huyu bata mwenye mwiba, kama ndugu zake wengine, anabadilisha manyoya ya mabawa yote kwa pamoja baada ya kuzaa, na kwa majuma kadhaa hawezi kuruka. Anajificha kwenye matete. Mtu asiyejua atasema amelogwa, au atafikiri ni mgonjwa. Anayejua atamwangalia: shingo iko sawa? macho yako wazi? anakimbia na kuogelea vizuri? Basi yuko tu bila manyoya.

Kwa ajili hiyo tunawapa hapa wale ambao mwanakoperative wa mashariki ya Kongo anaweza kukutana nao na kusema "nimeona bukini wa ajabu".

Wa kwanza ni huyo mwenye mwiba: mkubwa sana, mweusi wa kung'aa, tumbo na sehemu ya uso nyeupe, mdomo na miguu nyekundu.

Wa pili ni bukini wa Misri. Ana rangi ya udongo na kijivu, na duara la kahawia nyeusi kuzunguka jicho, kama mtu aliyepigwa ngumi. Kifuani ana doa jeusi, miguu ni ya waridi. Akiruka, weupe mkubwa unaonekana kwenye mabawa. Mara nyingi wanatembea wawili, dume na jike, na wanapiga kelele sana. Ndugu zetu wa Vitshumbi na Kyavinyonge, kandokando ya Ziwa Edouard, wanamjua vizuri.

Wa tatu ni bata mwenye nundu. Kichwa chake ni cheupe chenye madoadoa meusi, mgongo mweusi wa kung'aa, na dume ana nundu kubwa nyeusi juu ya mdomo. Anapenda kulala na kuzalia katika mashimo ya miti.

Wa nne anaitwa bukini lakini ni mdogo kuliko hata bata wa kawaida: uzito wake haufiki nusu kilo. Uso ni mweupe, ubavu wa rangi ya machungwa, mgongo wa kijani. Anakaa kwenye maji yenye yungiyungi na anakula mbegu zake. Huyu akionekana kwenye dimbwi lako, mpunga wako hauna shida naye.

Wa tano ni wa nyumbani aliyepotea. Ukiona bukini mweupe wote, au wa kijivu mwenye mdomo wa machungwa, karibu kila mara ni wa mtu. Mabukini ya pori ya Ulaya yanahama wakati wa baridi, lakini kwa kawaida hayafiki huku kwetu. Kwa hiyo mbele ya kusema "ni mgeni wa mbali", uliza kwanza nyumba za jirani. Ana mwenyewe.

Tena ugeni unategemea pahali mtu anaposimama. Bukini wa Misri, ambaye kwa wavuvi wa Ziwa Edouard ni ndege wa kila siku, alipelekwa Ulaya zamani kuwa pambo la bustani za matajiri. Alitoroka, akazaana, na mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulimwandika katika orodha ya viumbe wageni wanaoleta madhara. Kule wakulima wanakutana kuuliza: huyu ni nani, anatoka wapi? Maswali ni yale yale ya chini ya mwembe wetu.

Sasa tunasikia mtu akisema: "Komite, mnasema vizuri, lakini huyo ndege anakula mupunga yangu. Nikae namuangalia tu?" Hapana, ndugu. Hatukuja kusema kila ndege ni rafiki. Kundi la mabata ya pori likishuka usiku katika shamba lililopandwa kwa kumwaga mbegu majini, asubuhi unakuta pengo. Hilo tunalijua, maana sisi pia tunaishi kwa mpunga. Lakini kumtambua ndiko kunakokuambia namna ya kumzuia. Ndege wadogo wa makundi wanakuja mchana wakati wa masuke, mabata wanakuja magharibi, usiku na alfajiri, hasa mbegu inapokuwa bado changa majini. Ukiweka mlinzi saa sita ya mchana juu ya bata, unalipa mtu bure.

Juu ya mabata na mabukini, sisi tumeona yanayosaidia ni haya: kupandikiza miche kuliko kumwaga mbegu, kupunguza maji shambani siku za kwanza, kupanda wote kwa wakati mmoja ili shamba moja lisibebe hasara ya wote, na kupanga zamu ya watu wazima alfajiri na magharibi, na makopo na kamba zenye vipande vya plastiki. Zamu hiyo tunaigawana, na watoto wanakwenda masomo. Na tusisahau sheria: nchi yetu ina sheria ya uwindaji tangu 1982, na ndani ya parki za taifa kuwinda kumekatazwa kabisa. Mtu akikamatwa na nyama ya parki, koperative haiwezi kumtetea.

Basi tunapendekeza nini? Jambo dogo lisilohitaji projeti wala pesa. Kila koperative ifungue ukurasa mmoja katika daftari lake, na akionekana ndege wa ajabu, mlinzi ajibu maswali matano:

1. Ukubwa wake ni kama nini: kuku, bata wa nyumbani, au kupita?
2. Uso na mdomo vina rangi gani? Kuna nundu, vinundu, au duara kwenye jicho?
3. Miguu ni mirefu au mifupi, na ya rangi gani?
4. Bawa likifunguka linaonyesha nini: weupe, mwiba? Usiamini weupe peke yake, kwa sababu wengi wanao.
5. Yuko peke yake, wawili, au kundi? Anafanya nini, saa ngapi, na anaonekana mzima?

Kama kuna telefoni, foto moja ya ubavu na moja akifungua mabawa zinatosha. Kama mguuni ana pete ya chuma au ya plastiki yenye namba, andikeni namba hiyo vizuri mumpe agronomu au veterineri. Pete si hirizi, wala si ya kutengeneza mapambo. Kuna mtu aliivalisha ili kujua ndege anakwenda wapi, na namba hiyo inamsaidia.

Daftari hilo wapewe vijana walinzi, kwa sababu wao ndio wenye macho ya alfajiri. Na wazee waitwe kuangalia foto, kwa sababu wao ndio wenye kumbukumbu. Kwetu kijana aliona, mama akalinganisha, mzee akakumbuka, veterineri akatoa jina la kitabu. Hakuna mmoja wao ambaye angefika peke yake.

Bata mwenye mwiba alikaa katika mfereji wetu siku tatu. Tulimpigia makopo magharibi na alfajiri, na siku ya nne hakuonekana tena. Alikula mpunga kidogo, hatukatai. Ile dawa ya punje ilirudi nyumbani kwa mwenyewe, imefungwa, na tumemwomba aiweke mbali na watoto. Na dume la yule mama? Lilipatikana juma lililofuata, katika nyumba ya tatu kutoka kwake, likila pumba na mabata ya jirani.

Ndugu wanakoperative, bandikeni maswali haya matano ukutani mwa depo. Na ninyi wa Ituri, wa Lubero, wa Fizi, wa maziwa ya Upemba, mkiona ndege ambaye hamumjui, tuandikieni kupitia jarida hili mtuambie mlimtambua ginsi gani. Labda jina tunalolitafuta sisi, mzee wa kwenu analo.